Remoki Yetu ya Kulala Shambani

Mama wapendwa, mvua iko karibu. Wengi wetu tumeanza kuhesabu mbegu, kutafuta mbolea na kunoa majembe. Na wengi wetu, kama kila mwaka, tutalala shambani na watoto. Ndiyo sababu tunaandika habari hii sasa, mbele ya mvua ya kwanza, ili mwenye kutaka kufanya kama sisi afanye bila kurudia kosa letu. Kosa moja lilikuwa la kuchekesha. Kosa lingine lilitaka kutuondolea watoto.

Nyumbani tuko watu sita: baba na mama, Kambo wetu ambaye ni mama ya baba, na watoto watatu. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja, wa katikati ana saba, kitinda mimba ana minne. Mmoja wetu anafundisha kalasi ya tano ya shule ya msingi. Mshahara wa mwalimu munaujua, hatutaueleza. Shamba letu liko upande wa barabara ya Kasenga, zaidi ya kilometa 30 kutoka Lubumbashi. Tunalima mahindi, karanga na viazi vitamu. Mwaka ukiwa mzuri, bukari ya nyumbani haitoki sokoni kwa miezi saba au minane.

Hatuko peke yetu. Katika mji huu shamba si mchezo wa siku ya posho. Wenye kukumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wanajua namna gani lupango nyingi ziligeukia jembe. Wanajua pia kwamba unga ukichelewa kuvuka mpaka kutoka Zambia, bei inapanda kwa siku moja, na mama ndiye wa kwanza kuona chini ya sufuria.

Tatizo ni umbali. Kwenda na kurudi siku moja kunakula pesa ya usafiri na nusu ya siku. Kwa hiyo tunakwenda siku ya kazi tano jioni, tunalala mara mbili, tunarudi siku ya Mungu. Nani abaki na watoto mjini? Hakuna. Basi tunakwenda nao.

Usiku wa kibanda

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, tulikuwa tunapalilia. Tulilala ndani ya kibanda cha majani tulichokijenga wenyewe. Saa sita ya usiku mvua ikaanguka na upepo. Majani ya upande mmoja yakaondoka yote. Tulisimama katikati, tukifunika watoto kwa bashi moja, mpaka asubuhi. Magodoro yalikuwa kama sifongo. Kambo alikaa juu ya ndoo, kitinda mimba ndani ya kitenge chake. Asubuhi alisema neno moja tu:

"Miye nilisha kuzoea mvua. Sasa hawa batoto, kosa yabo ni gani?"

Siku ya kazi moja mkubwa hakwenda shule, alikuwa na homa. Juma lililofuata wa katikati naye akaanza. Ilikuwa malaria, wote wawili. Tukalipa dawa kwa pesa ya mbolea. Mwalimu aliyekuwa akiandika majina ya watoto wa wengine wanaokosa masomo, aliandika pia jina la mtoto wake.

Kujenga nyumba ya matofali shambani hatukuweza. Kwanza pesa. Pili, shamba lile si letu kwa barua, tunalilima kwa ruhusa ya chifu, na mwaka mwingine tunaweza kuonyeshwa udongo mwingine. Na nyumba isiyo na mtu juma nzima, milango na manjanja yake inaondoka kabla ya mwenyewe kurudi. Tulihitaji kitu chenye kutulaza pakavu, na ambacho tukitoka, nacho kinatoka.

Wazo lilitoka wapi

Kila mwenye kupita barabara ya Kasumbalesa ameona makamyo yaliyojipanga kungojea mpaka. Mashofere wanapika chini ya remoki, wananing'iniza nguo, wanalala ndani ya kabini siku nyingi. Chumba chao kiko na magurudumu. Tulijiuliza: kama shofere anaweza, kwa nini si mama na watoto?

Kumbe swali lile ni la zamani. Huko Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, watu wengi walijitengenezea remoki ndogo za kulala nyuma ya nyumba zao, kwa mbao na esie za motokari kuukuu. Mmoja wao aliitwa Wally Byam. Inasimuliwa kwamba mke wake, Marion, alichoka kulala chini na kuachana na jiko lake kila walipokwenda porini, ndiyo mume akajenga chumba kidogo juu ya shasi ya Ford. Kwa hiyo kwa Byam jambo lile lilianza kwa mama aliyekataa kulala chini! Baadaye Byam alifungua kiwanda cha karavani, na mwaka 1959 aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town mpaka Kairo. Walipita hapa kwetu, wakati nchi ikiitwa bado Kongo ya Wabelgiji, juu ya barabara za matope.

Sisi hatukutaka kwenda Kairo. Tulitaka kufika shambani. Na wenzetu wa Goma walisha kutuonyesha kwamba mtu hangojei kiwanda: chukudu yao ya mbao inabeba viazi na makala tangu miaka mingi, na hakuna duka lililowauzia.

Kwanza tulipima watu

Siku moja jioni tulichukua chaki na kuchora ndani ya lupango. Karatasi ya tripleksi yenye kuuzwa hapa ina urefu wa mita 2.44 na upana wa mita 1.22. Tulichora mstari wa kipimo hicho, kwa maana kila mahali unapokata tripleksi unatupa pesa. Kisha tukawaambia Kambo na watoto walale ndani ya mstari. Majirani walisimama kutuangalia, wakacheka. Sisi pia tulicheka.

Lakini chaki ilisema kweli. Kambo, wa katikati na kitinda mimba waliingia vizuri kwa urefu. Mkubwa alibaki mguu mmoja nje. Kwa hiyo tukaamua kumwekea ubao wa juu, upana wa sentimeta 60, sentimeta 75 kutoka chini. Baba na mama tungelala nje, pembeni, chini ya bashi yenye kufungwa kwenye ukuta wa remoki, ndani ya chandarua chetu. Tulikubali hilo tangu mwanzo. Mwenye kutaka kuingiza watu sita ndani atajenga kitu kikubwa ambacho hakuna motokari yetu itakayokivuta.

Watoto wa kalasi ya tano walifaidika pia. Eneo, mzunguko, uzito, bei: juma nzima hesabu zetu zilikuwa za remoki. Hakuna aliyelala darasani.

Kazi ya fundi

Tulipata esie ya motokari ndogo kuukuu, pamoja na magurudumu yake mawili na resori, kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu. Tulizungusha kila gurudumu kwa mkono mbele ya kulipa. Lenye kulia au kucheza pembeni, usilinunue hata kwa bei ya bure.

Fundi wetu wa kuchomelea anafanya kazi katika komini ya Kenya. Anatengeneza milango na madirisha. Tulipomwonyesha mchoro, alisukuma kofia yake nyuma, akauliza:

"Madamu, unataka motokari ama unataka nyumba?"

"Vyote viwili, papa."

"Basi utakosa vyote viwili. Nyumba yenye kutembea haipendi uzito. Ondoa kabati hii. Ondoa meza hii."

Tukaondoa kabati. Tukaondoa meza. Alitengeneza shasi kwa kornieri ya milimita 40, yenye mbao tano za kupita katikati ili sakafu isibonyee. Mbele alivuta chuma cha pembe tatu, mahali pa kufungia nyuma ya pikapu. Magurudumu hakuyaweka katikati kabisa. Alipima kutoka mbele mita 1.46, akachora alama hapo. Alituambia: "Sehemu sita za mwili ziwe mbele ya magurudumu, sehemu inne nyuma. Pua inapaswa kuwa nzito kidogo." Tuliandika ndani ya daftari. Kuandika ni rahisi, mutaona.

Sakafu ni tripleksi ya milimita 12, karatasi moja bila kukata. Kuta ni tripleksi ya milimita 6: karatasi moja kila upande, na ya tatu tuliikata katikati kwa mbele na nyuma. Basi karatasi inne kwa yote. Kila pembe ina ubao wa kushikilia. Tulipaka rangi ya mafuta mara mbili ndani na mara tatu nje, na kingo za chini tulizipaka zaidi, kwa sababu tripleksi inaanza kuoza pembeni. Juu tuliweka manjanja, na chini ya manjanja tukapanga makartoni na mifuko ya unga iliyoshonwa pamoja, ili jua lisipike watoto na mvua isipige kelele sana. Upande mmoja wa paa uko juu kuliko mwingine, maji yateremke.

Pale juu, kati ya ukuta na manjanja, fundi aliacha nafasi ya vidole vine, pande mbili. Aliifunga kwa wavu wa mbu tu. Tuliona ni kazi isiyokwisha. Tulimwambia. Alijibu: "Hapo ni pua ya nyumba. Iache." Tulinyamaza, lakini tulimhesabia kama uvivu.

Bei, kwa wenye kutaka kujua: esie na magurudumu dola 130, kornieri na vijiti vya kuchomelea 75, mkono wa fundi 80, tripleksi 80, manjanja, mbao na misumari 35, rangi, taa, bawaba na vingine vidogo 30. Jumla dola 430. Zamu yetu ya likelemba ilitupatia 200. Zingine tuliziokota pole pole, mfuko wa mahindi kwa mfuko wa mahindi, tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi. Kama likelemba yenu ina nguvu, mama watatu wanaweza kununua moja na kupokezana. Si lazima kila nyumba iwe na yake.

Mkia wa samaki

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi na moja, wakati wa kupanda. Baba mdogo wa watoto ana pikapu kuukuu, ndiye anayetuvuta. Mlango wa remoki uko nyuma, kwa hiyo tulipakia kwa mlango: mbolea, mbegu, bidoni za maji, majembe, sufuria. Vyote vilikaa nyuma, karibu na mlango. Watu wote tulipanda ndani ya pikapu. Hilo tulilifanya vizuri, na tunalirudia: mtu asipande ndani ya remoki ikiwa barabarani, hata dakika tano, hata mtoto akilia.

Tulipotoka nje ya mji, baba mdogo akaongeza mwendo kidogo. Remoki ikaanza kwenda kushoto na kulia kama mkia wa samaki. Alipokanyaga breki, ikatusukuma pembeni. Kamyo iliyokuja mbele yetu ilipiga honi ndefu. Kambo alitaja jina la Mungu mara nyingi. Baba mdogo aliachia mwendo pole pole bila kukanyaga tena, tukasimama pembeni, tukashuka miguu ikitetemeka.

Tulifungua daftari. Pua iwe nzito kidogo. Tuliinua pua kwa mkono mmoja tu: ilikuwa nyepesi kama kikapu kitupu. Mizigo yote ilikuwa inavuta nyuma, na pua inainua tako la pikapu. Tulihamisha mbolea na bidoni za maji mpaka mbele. Remoki ikatulia.

Nyumbani baadaye tulifanya kipimo ambacho kila mama anaweza kufanya bila mashine. Weka ubao mrefu juu ya tofali, katikati kabisa, kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Upande mmoja weka pua ya remoki iliyopakiwa tayari, upande mwingine weka mfuko wa unga wa kilo 25. Remoki yetu na mizigo yake inakaribia kilo 300. Sehemu moja ya kumi ya uzito ule inapaswa kulala juu ya pua: kilo 30, yaani mfuko mmoja wa unga na kidogo juu yake. Pua ikiinuka mfuko ukishuka, rudisha mizigo mbele. Mfuko ukirushwa juu kama mtoto, umezidisha mbele.

Tangu siku ile tunafunga pia minyororo miwili chini ya pua, yenye kupishana kama msalaba. Mfungo mkubwa ukikatika, minyororo inashika. Nyuma tuna taa mbili na vipande vyekundu vyenye kung'aa, maana usiku kamyo haioni tripleksi. Tukifika shambani, jiwe mbele na nyuma ya kila gurudumu, na miguu minne ya mbao chini ya pembe, ndipo watoto wanaruhusiwa kupanda.

Msimu ule ulikuwa mzuri. Mvua ilianguka juu ya manjanja, na sisi chini ya bashi tulisikia watoto wanacheka ndani. Chandarua kinaning'inia kwenye ndoano inne. Mkubwa alisoma masomo yake juu ya ubao wake kwa taa ndogo ya jua. Siku za kazi moja zote za mwezi wa kwanza na wa pili hakukosa shule hata mara moja. Tulianza kujisifu.

Usiku wa mbabula

Mwezi wa sita tulikwenda kulinda mavuno. Mifuko ya mahindi ilikuwa imepangwa chini ya bashi, tukingojea pikapu irudi siku ya Mungu. Munajua baridi ya mwezi wa sita Katanga, ile yenye kuingia ndani ya mifupa. Upepo ulikuwa unapita kwenye ile nafasi ya vidole vine chini ya manjanja. Tukasema: leo tutamaliza kazi ambayo fundi hakuimaliza. Tukaijaza mifuko, pande zote mbili, tukasukuma kwa kijiti mpaka hakuna mwanga uliopita. Madirisha mawili tukayafunga na makartoni.

Kisha tukafanya jambo ambalo mama wengi wa hapa wamelifanya ndani ya nyumba zao. Tulingoja makala ya mbabula ishike vizuri, iwe nyekundu, bila moshi hata kidogo. Tukaiweka ndani, karibu na mlango, mbali na magodoro. Tuliogopa moto, hatukuogopa kitu kingine. Moshi haukuwapo, basi hatari haikuwapo. Tukafunga mlango, tukalala nje karibu na mahindi.

Sijui ilikuwa saa ngapi, anasema baba. Sote tulisikia kishindo. Mkubwa alikuwa ameanguka kutoka ubao wake. Alituambia baadaye kwamba kichwa kilimuuma sana, alitaka kushuka kuomba maji, miguu ikakataa. Tulipofungua mlango hakuna moshi uliotoka, hakuna harufu. Mkubwa alikuwa anatapika sakafuni. Kambo macho wazi, anataka kusema, hawezi kuinuka. Wa katikati analia kidogo kidogo. Kitinda mimba amelala.

Tulimwita. Hakujibu. Tukamvuta nje, tukamvuta kila mmoja nje, juu ya majani yenye umande. Tulimtikisa kitinda mimba, tukamwita kwa jina lake na kwa jina la kambo aliyemrithi. Muda ule hatuwezi kuupima kwa saa. Halafu akakohoa, akalia. Mama wapendwa, kilio kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote.

Jirani wa shamba alitubeba kwa pikipiki, safari mbili, mpaka kituo cha afya. Muuguzi aliangalia watoto, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Mulilala na mbabula?" Hatukuwa tumesema kitu bado. Alijua kwa sababu si sisi wa kwanza.

Alitueleza, nasi tunawaeleza. Makala yenye kuwaka inatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Makala nyekundu yenye kupendeza ndiyo inaitoa pia, tena sana mahali ambapo hewa safi haiingii. Ikiingia mwilini inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na damu haibebi tena hewa ya uzima. Mtu anaumwa kichwa, anazungukwa, anatapika, miguu inalegea, usingizi unamshika. Wengi wanafikiri ni malaria au chakula. Mwenye kulala haamki kufungua mlango. Watoto, wazee na mama mwenye mimba wanapata hatari zaidi.

Ukiona dalili hizo kwa watu wawili au watatu ndani ya chumba kimoja chenye mbabula, usiulize walikula nini. Watoe wote nje mara moja, kisha uwapeleke kwa muganga hata kama wanaonekana wamepona.

Watoto wetu walipona. Kambo alikaa na maumivu ya kichwa karibu juma moja. Tuliporudi mjini tulipita kwa fundi, tukamweleza. Hakutucheka. Alikaa kimya, kisha akasema: "Niliwaambia ni pua ya nyumba. Mtu hafungi pua." Tulimwomba msamaha kwa kumwita mvivu ndani ya moyo wetu.

Namna iko sasa

Nafasi ya vidole vine iko wazi, na tumepigilia vipande vya chuma ili mtu, hata sisi, asiweze kuijaza tena. Chini, karibu na mlango, tumetoboa tundu lingine lenye wavu, upana wa kiganja, hewa iingie chini na kutoka juu. Lakini tunasema wazi: tundu si ruhusa ya kuingiza mbabula. Moto hauingii ndani ya remoki, wala wa makala, wala wa kuni, wala jiko la petroli. Mbabula yetu inakaa hatua tano mbali, na usiku tunaizima kwa mchanga.

Kwa baridi tunafanya hivi. Tunapanga makartoni mawili chini ya godoro, kwa maana baridi nyingi inatoka chini. Tunajaza maji ya moto ndani ya bidoni ndogo zenye kufungwa vizuri, tunazifunika kwa nguo, tunaweka kwenye miguu ya Kambo na watoto. Kila mtoto anavaa soksi na kofia. Inatosha. Mpaka asubuhi maji bado yana vuguvugu, na watoto wanaoshea uso.

Mlango unafunguliwa kwa ndani na kwa nje. Hatuweki kufuli nje wakati mtu yuko ndani, hata kama tunaogopa wezi. Na mmoja wetu wakubwa analala karibu na mlango ule, sikio wazi.

Mama wapendwa, habari hii si ya remoki peke yake. Wengi hapa hamna remoki wala shamba, lakini muna chumba kimoja ndani ya lupango, chenye dirisha dogo, na mwezi wa sita mbabula inaingia jioni "kwa kupasha tu". Chumba kile na remoki yetu ni ndugu. Usiku huu, mbele ya kulala, angalieni pua ya nyumba yenu.

Sisi tunarudi shambani mvua ya kwanza ikianguka. Kambo amesha kuweka godoro lake jua. Mwenye kutaka kupima vipimo vyetu kwa kamba yake, aje siku ya mkutano wa mama. Remoki itakuwa mbele ya lupango, na daftari tutaleta.